Lugha Zinazofanana na Lugha Zenye Undugu: Jibu kwa Mwalimu wa Kondoa

Msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa, ameniandikia hivi: darasani mwake wamo wanafunzi Warangi, Wagogo, Waburunge na Wasandawe. Alipowataka waandike maneno ya lugha za nyumbani, aligundua kwamba zote nne zina maneno yanayofanana, na wanafunzi wakahitimisha kwamba lugha hizo zimetoka mahali pamoja. Mzee mmoja wa hapo kijijini akamwambia kwamba Kigogo na Kirangi ni Kiswahili kilichoharibika bara. Mwalimu anauliza: wataalamu wa lugha hutambuaje kwamba lugha fulani ni ndugu na nyingine ni jirani tu? Je, mtu asiyesomea isimu anaweza kujifunza kazi hiyo, na aanzie wapi?

Mwalimu, nianze na kauli ya mzee, kwa kuwa nimekwisha kuisikia pia Mpwapwa, Manyoni na hapa Dodoma mjini, na inawaumiza vijana wanaoamini kwamba lugha ya bibi zao ni makapi ya lugha nyingine. Kauli hiyo si kweli. Kigogo na Kirangi havikutoka katika Kiswahili, kama vile binamu yako hakuzaliwa na wewe. Lugha hizi tatu zimetokana na lugha moja ya kale ambayo hakuna aliyeiandika. Wanaisimu huiita Mame-Bantu, na wengi hukubaliana kwamba ilizungumzwa kiasi cha miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita karibu na mpaka wa leo wa Kameruni na Nijeria. Kila lugha iliyotokana nayo imebadilika kwa njia yake. Kiswahili nacho kimebadilika sana, na katika mambo kadhaa nitakayokuonyesha, Kigogo na Kirangi ndivyo vilivyotunza umbo la kale ilhali Kiswahili kimelipoteza.

Tunajuaje hayo ikiwa hakuna maandishi? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha taaluma nzima. Tunayajua kwa sababu sauti za lugha hazibadiliki ovyo, neno kwa neno. Sauti fulani inapobadilika katika mazingira fulani, hubadilika kwa utaratibu katika maneno yote yenye mazingira hayo. Kwa hiyo tunapotafuta undugu wa lugha hatutafuti maneno yanayofanana. Tunatafuta maneno yanayotofautiana, na tofauti yake ikawa ileile kila mara. Ukishika jambo hili moja, Mwalimu, mengine yote yatafuata.

Chukua neno la Kiswahili mtu. Mgogo husema munhu, na hiyo nh hutamkwa kwa pumzi inayopita puani bila mtetemo wa koo. Ndiyo sauti unayoiona kwenye kibao cha kata ya Ng'hong'onha, jina linalowasumbua wageni wengi wanaohamia makao makuu. Mrangi husema muntu. Mkikuyu wa Kenya husema mũndũ, na Mchewa wa Malawi husema munthu. Sasa chukua neno kuku: Mgogo husema nghuku, Mkikuyu ngũkũ, Mchewa nkhuku. Yaweke maneno hayo katika safu uone. Pale ambapo Kichewa kina nazali (sauti ya puani), kisha konsonanti, kisha mpumuo (pumzi inayofuata konsonanti), Kikuyu kina nazali na konsonanti ghuna (yenye mtetemo wa koo), Kigogo kina nazali yenye pumzi, na Kiswahili kimeiangusha nazali yote kikabaki na konsonanti peke yake. Jambo hilohilo lililoipata t katika neno la mtu limeipata k katika neno la kuku, bila maneno hayo mawili kuwa na uhusiano wowote wa maana. Hakuna Mgogo aliyekaa akaamua kwamba maneno yote ya namna hiyo yabadilike pamoja, wala hakuna Mkikuyu aliyeafikiana na Mchewa. Utaratibu wa aina hiyo hauwezi kuletwa na bahati, na hauletwi na ukopaji. Unaweza kuletwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba wote walirithi maneno yenye mfuatano wa nt na nk, kisha kila jamii ikaubadilisha mfuatano huo kwa desturi yake.

Kwa wenyeji wa Mombasa na Lamu, alama ya nazali iliyopotea bado inasikika. Wao hutamka k ya kwanza ya kuku, yule ndege, kwa mpumuo, na hutofautisha paa la nyumba, lisilo na mpumuo, na paa mnyama, mwenye mpumuo. Huyo paa mnyama ndiye Wazulu wanayemwita impala: nazali imeanguka mwanzoni ikaacha mpumuo, na l imeanguka katikati. Sisi wa bara tumesahau tofauti hiyo ya matamshi, lakini ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba sauti ikiondoka mara nyingi huacha alama mahali ilipokuwa.

Hiyo l ya paa inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ushahidi wake uko ndani ya Kiswahili chenyewe na wanafunzi wako wanaweza kuupata bila kwenda kokote. Waulize Kigogo cha njaa ni nini, watakuambia nzala. Njia ni nzila. Mvua ni mvula. Kukaa ni kwikala. Katika kila jozi Kigogo kina l na Kiswahili hakina kitu. Mtu anaweza kubisha na kusema kwamba ni Wagogo walioongeza l. Hapo mrudishe kwenye Kiswahili. Kwa nini tunasema kuzaa lakini kuzaliwa, kukaa lakini kukalia, kuvaa lakini kuvalia, kununua lakini kununuliwa, kutwaa lakini kutwaliwa? Hiyo l inatoka wapi? Haikuletwa na kiambishi, kwa kuwa tukisema kupigwa na kupigia hatuioni. Ilikuwapo ndani ya mizizi hiyo tangu zamani. Ikaanguka ilipokuwa mbele ya irabu ya mwisho, ikasalia pale ilipokingwa na kiambishi. Kigogo, Kichewa na Kizulu vinathibitisha kwa nje kile ambacho Kiswahili kinakidokeza kwa ndani, na ushahidi wa pande mbili unapokutana namna hii, mtafiti anaweza kusema kwa ujasiri kwamba neno la kale la mvua lilikuwa na l.

Hata hivyo, usiruke hapo ukadai kwamba kila l ya namna hiyo ni ya kale. Tunasema pia kusahau na kusahauliwa, kudharau na kudharauliwa, na vitenzi hivyo vimetoka katika Kiarabu, ambako havikuwa na l mahali hapo. Wazungumzaji wa Kiswahili, wakiwa wamezoea vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili na kurudisha l katika kutendewa, walivipa vitenzi vya kigeni sura hiyohiyo. Mabadiliko ya aina hii, ambayo maneno hufuata mfano wa wenzao, wanaisimu huyaita analojia. Ndiyo nguvu ya pili kubwa katika historia ya lugha baada ya mabadiliko ya sauti, na mara nyingi huvuruga utaratibu ambao sauti zilikuwa zimeuweka. Vilevile utakutana na maneno kama kulala, ambalo l yake ya pili haikuanguka. Neno la namna hiyo usilifiche. Liandike pembeni, kwa kuwa neno linalokataa sheria ama linaonyesha kwamba sheria umeieleza vibaya, ama lina historia yake ya peke yake inayotafuta mwenye kuisimulia.

Mfano wa pili ninaupenda kuliko yote, kwa sababu unaunganisha Kiswahili cha darasani na Kirangi cha wanafunzi wako. Anayepika ni mpishi, anayefuata ni mfuasi, anayelinda ni mlinzi, anayetunga ni mtunzi, anayeandika ni mwandishi. Utaona kwamba k imekuwa sh, t imekuwa s, d na g zimekuwa z. Vitabu vya sarufi hueleza kwamba irabu i ya mwisho ndiyo inayozigeuza konsonanti hizo. Lakini tunasema pia pikia, fuatia, lindia, tungia na andikia, na hapo konsonanti hazigeuki hata kidogo ijapokuwa zinafuatwa na i ileile. Iweje irabu moja itende kazi mahali pamoja na ikose nguvu mahali pengine?

Iliwezekana kwa sababu hazikuwa irabu moja. Mame-Bantu ilikuwa na irabu saba: i mbili, u mbili, e, o na a. I moja ilitamkwa kwa kuubana sana mdomo, na ya pili kwa kuubana kidogo. Ile ya kubana sana ndiyo iliyokuwa katika kiambishi cha mtenda, na ndiyo iliyoziparuza konsonanti zilizoitangulia. Ile ya pili ilikuwa katika kauli ya kutendea, na haikuwa na nguvu hiyo. Baadaye katika Kiswahili i hizo mbili ziliungana zikawa moja, nasi tukabaki na irabu tano na fumbo la mpishi na pikia. Kuna alama nyingine ya tofauti hiyo: i ya kutendea hugeuka e baada ya o, kama tunavyosema somea, lakini i ya mtenda haigeuki, ndiyo maana msomi habadiliki kuwa msome.

Sasa wageukie Warangi darasani. Kirangi kina irabu saba hadi leo. Mtoto wa Kondoa anayekuja shuleni na kuambiwa kwamba irabu ni tano tu, a, e, i, o, u, anazo nyumbani irabu mbili ambazo Kiswahili kiliwahi kuwa nazo kikazipoteza. Ningependa mtoto huyo aambiwe hivyo waziwazi, maana ni kweli, na ni jibu tosha kwa kauli ya lugha iliyoharibika.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata wasomi. Kinyaturu, Kinyamwezi na Kisukuma navyo vina irabu saba. Je, hiyo ina maana kwamba Kirangi kina undugu wa karibu zaidi nazo kuliko Kigogo chenye irabu tano? Haina maana hiyo. Kutunza kitu cha kale pamoja hakuthibitishi ukaribu, kwa sababu watoto wote wa mzazi mmoja wangeweza kukitunza. Kinachothibitisha ukaribu ni kubadilika pamoja: lugha mbili zikiwa na badiliko jipya ambalo wengine hawana, tunapata sababu ya kusema kwamba ziliwahi kuwa lugha moja baada ya kutengana na wengine. Na hata hapo lazima tupime uzito wa badiliko lenyewe. Wasukuma husema munhu kama Wagogo, na Washona wa Zimbabwe huandika munhu vilevile, lakini badiliko la nt kuwa nh ni jepesi kutokea, na limetokea mahali pengi bila watu kukutana. Badiliko moja jepesi halitoshi. Tunahitaji mengi, na baadhi yawe ya ajabu kiasi kwamba si rahisi kutokea mara mbili.

Kwa kipimo hicho, watafiti kama Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, waliweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kigogo kimewekwa pamoja na Kikaguru katika kundi la Ruvu, ambalo lina pia Kiluguru na Kizaramo. Sabaki na Ruvu kwa pamoja ni sehemu ya tawi la Kibantu cha pwani ya kaskazini-mashariki. Kirangi hakimo katika tawi hilo, na jamaa yake wa karibu kabisa ni Kimbugwe, kinachozungumzwa upande wa Babati. Kwa hiyo wanafunzi wako wakiuliza ni ipi kati ya lugha zao iliyo karibu zaidi na Kiswahili kwa nasaba, jibu ni Kigogo, ingawa Kondoa na Dodoma ziko mbali na bahari kwa kiasi kinachokaribiana.

Utakapoanza kusoma vitabu utakutana na alama kama G11 kwa Kigogo, G42 kwa Kiswahili, F32 kwa Kinyaturu na F33 kwa Kirangi. Alama hizo zilitungwa na Malcolm Guthrie wa London mwaka 1948, na bado zinatumika kwa kuwa zinarahisisha kuitaja lugha bila kuchanganya majina. Lakini herufi hizo ni za kijiografia kwa sehemu kubwa. Usizisome kama ukoo.

Nije sasa kwenye maneno yanayofanana katika lugha zote nne za darasani. Nina hakika kwamba mengi ni ya aina ya kitabu, meza na shule. Kitabu kimetoka katika Kiarabu, meza katika Kireno, shule katika Kijerumani, na yote yamewafikia Waburunge na Wasandawe kupitia Kiswahili. Maneno hayo yanafanana mno, na huko kufanana mno ndiko kunakoyafichua. Ndugu waliotengana kwa maelfu ya miaka hawabaki na sura moja. Neno likiwa lilelile katika Kigogo na Kisandawe, linakuambia kwamba limefika karibuni. Ndiyo maana mtafiti hutanguliza maneno ambayo watu hawakopi kwa urahisi: viungo vya mwili, mimi na wewe, moja na mbili, kula, kunywa, kufa, moto, maji, jiwe, usiku. Mmarekani Morris Swadesh alitayarisha katika miaka ya 1950 orodha za maneno 100 na 200 ya namna hiyo. Alitumaini kwamba kwa kuhesabu yaliyopotea angeweza kupata tarehe ya lugha kutengana, na matumaini hayo hayakufaulu kwa sababu lugha hazibadiliki kwa mwendo mmoja. Lakini orodha zake bado ni mahali pazuri pa kuanzia.

Zisihesabike kuwa kinga kamili. Hata hesabu hukopwa: sita, saba na tisa za Kiswahili ni za Kiarabu, zilizosukuma nje majina ya Kibantu. Jina la kale la sita, tandatu, hulikuta katika mashairi ya zamani, na la saba limejificha katika fungate ya maharusi, ilhali lugha kadhaa za bara bado zinahesabu saba kwa neno la aina ya mfungate au mpungati.

Kuna pia kufanana kwa bahati, na mfano wake uko jirani nanyi. Kiburunge, Kialagwa na Kiiraqw huyaita maji ma'ay. Mwanafunzi Mrangi akisikia neno hilo atasema hakuna haja ya kubishana, ni maji hayahaya. Lakini tazama muundo. Katika Kibantu ma- ni kiambishi cha ngeli, ileile tunayoiona katika mate, mafuta na maziwa. Mzizi wa maji ni -ji. Kigogo huyaita maji malenga, yaani ngeli ileile na mzizi mwingine kabisa. Katika Kiburunge hakuna ngeli za namna hiyo, na ma ni sehemu ya mzizi wenyewe. Ukiondoa kiambishi upande mmoja, hakibaki kitu cha kulinganisha. Neno moja, hata likifanana namna gani, halijengi undugu.

Kiburunge kina ndugu zake, nao ni Kialagwa, Kigorowa na Kiiraqw. Roland Kießling na Maarten Mous walichapisha mwaka 2003 kazi kubwa ya kuunda upya msamiati wa lugha mama ya hizo nne, kwa kutumia kanuni hizihizi za ulinganifu wa sauti nilizokuonyesha kwa munhu na nghuku. Familia yao ni ya Kikushi, ambayo jamaa zake wengi wako Ethiopia na Somalia. Ukiongeza Kidatoga, ambacho ni cha Kinailoti na ni jamaa wa Kikalenjini cha Kenya, na Kisandawe, utaona kwamba kati ya Kondoa, Chemba, Hanang na Singida zinakutana nasaba nne za lugha. Sijui sehemu nyingine ya Afrika Mashariki inayomfaa zaidi mtu anayetaka kujifunza somo hili, na huwa nasikitika ninapoona wanafunzi wetu wakifundishwa kwa mifano ya Kilatini na Kijerumani pekee.

Kisandawe kinahitaji tahadhari ya pekee. Kwa sababu kina vidoko, zile sauti za kufyonza ulimi, kiliwekwa pamoja na Kihadza cha Ziwa Eyasi na lugha za Kalahari katika familia moja iliyoitwa Khoisan. Joseph Greenberg aliishikilia familia hiyo katika kazi yake ya mwaka 1963, na vitabu vingi vya shule bado vinairudia. Wataalamu wengi leo hawaikubali. Vidoko ni sauti, na sauti zinakopeka: Wazulu na Waxhosa ni Wabantu, lakini walivipata vidoko kutoka kwa majirani zao, na Kidahalo cha pwani ya Kenya, ambacho ni cha Kikushi, kina vidoko pia. Kihadza, kwa kadiri ya ushahidi uliopo, kinasimama peke yake bila ndugu anayejulikana. Kwa Kisandawe wapo wanaoona dalili za undugu na lugha za Khoe za kusini mwa Afrika, katika viwakilishi na baadhi ya maneno, lakini bado haijapatikana safu ndefu ya ulinganifu inayoweza kumridhisha kila mtu. Kwa sababu hiyohiyo naomba usiwaambie wanafunzi kwamba michoro ya miambani ya Kolo ilichorwa na wasemaji wa lugha fulani. Rangi iliyoko juu ya mwamba haisemi lugha.

Majirani wakiishi pamoja muda mrefu hukopeshana hata mpangilio wa sentensi. Kirangi na Kimbugwe vina jambo linaloshangaza miongoni mwa lugha za Kibantu: katika baadhi ya nyakati, hasa zinazohusu wakati ujao, kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi hufuata, kana kwamba sisi tungesema "kupika nitakuwa" badala ya "nitakuwa nikipika". Watafiti kadhaa wamelihusisha jambo hilo na kuishi kwa Warangi katikati ya wasemaji wa Kikushi. Hoja bado inajadiliwa, lakini inafundisha jambo muhimu: historia ya lugha ina nyuzi mbili, uzazi na ujirani, na anayefuata mmoja na kuusahau mwingine ataieleza nusu tu.

Umeuliza kama unaweza kujifunza bila kwenda chuo. Unaweza. Kazi ya mwanzo inataka masikio, subira na daftari, na wewe una wasemaji wa lugha nne chini ya paa moja, jambo ambalo maprofesa wa Ulaya hulisafiria. Anza na maneno 100 ya msingi. Usimuulize mzee kwa Kiswahili "mnaitaje meza", kwa sababu swali la Kiswahili huvuta jibu la Kiswahili; mwonyeshe kitu, au mwombe asimulie sentensi nzima. Jina liulizwe katika umoja na wingi, na kitenzi kiulizwe katika kutenda, kutendea na kutendwa, maana umekwisha kuona kwamba l ya kuzaa huonekana katika kuzaliwa tu. Waulize wazee wawili kwa kila lugha, wa vijiji tofauti ikiwezekana, kwa ridhaa yao na kwa heshima wanayostahili. Rekodi kwa simu, kisha andika unachokisikia badala ya unachokitarajia: kama Mgogo anasema munhu usimwandikie munu, na kama Mrangi ana i mbili zipe alama mbili, hata za kujitungia, ilimradi usizibadilishe katikati ya daftari. Toni pia ziwekee alama, maana lugha zote nne zinatumia kupanda na kushuka kwa sauti, na Kiswahili pekee ndicho kilichokwisha kulipoteza jambo hilo miongoni mwa lugha utakazozilinganisha.

Ukipata nafasi ya kufika maktaba, tafuta Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenye intaneti kuna orodha ya mizizi ya Mame-Bantu iliyokusanywa na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambako kila mzizi una kinyota mbele yake kuonyesha kwamba umeundwa kwa kulinganisha na haukusikiwa na mtu. Ziko pia orodha za kale, kama ile ya maneno 250 katika lugha 48 iliyochapishwa na mmisionari J. T. Last mwaka 1885, aliyeishi Mamboya, njia ya kwenda Mpwapwa. Makosa yamo humo, kwani masikio yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini ni karibu miaka 140 ya kulinganisha.

Baada ya hapo weka maneno katika safu, lugha kwa lugha, yenye maana moja mstari mmoja, na usitangaze sheria yoyote mpaka uwe na mifano mitatu au minne isiyohusiana kwa maana. Ili kukupa kazi ya kuanzia, chukua nz ya Kigogo. Umeiona ikilingana na nj ya Kiswahili katika nzala na njaa, nzila na njia. Sasa ongeza nzoka, ambayo ni nyoka, na nzuchi, ambayo ni nyuki. Kigogo kina sauti moja mahali ambapo Kiswahili kina mbili. Tafuta maneno mengine ya aina hiyo, angalia kila neno la Kiswahili limebaki na silabi ngapi baada ya l kuanguka, na angalia mkazo unaangukia wapi. Na hiyo ch ya nzuchi pale ambapo Kiswahili kina k, ilinganishe na jina ambalo Wagogo wenyewe huliita lugha yao, Chigogo, na jinsi wanavyoita kitu, chinhu.